Oveni, moto, king'ora na chokaa: kulitafsiri neno «apagar» kwa Kiingereza

«Habari Mwalimu. Nimesoma Kihispania kwa miaka kadhaa hapa Nairobi na sasa nimeanza kupata kazi ndogo ndogo za kutafsiri. Juzi nilipewa kijitabu cha maelekezo ya oveni ya gesi ya kuokea mikate, iliyotengenezwa Mexico, nikitafsiri kwa Kiingereza. Neno «apagar» limejaa kila ukurasa. Kamusi yangu inaanza na «extinguish», kwa hiyo niliandika «extinguish the oven» na «extinguish the light». Rafiki yangu aliposoma alicheka, nikabadilisha yote kuwa «put off». Mteja ameirudisha kazi ikiwa imejaa alama nyekundu. Penye «Cuando se apague la alarma, abra la puerta» niliandika «When the alarm goes off, open the door», naye amesema sentensi hiyo ni ya hatari. Sielewi hatari iko wapi. Je, hakuna neno moja la Kiingereza ninaloweza kulitumia kila mahali? Na je, ni kweli kwamba shida yangu ni kufikiria kwa Kiswahili, kama mwalimu wetu alivyokuwa akituonya?»

Nianze na hilo swali la mwisho, maana naona ndilo linalokukera zaidi. Hapana. Kwa neno hili, Kiswahili ndicho rafiki yako mkubwa, na nadhani ungepata alama nyekundu chache kama ungekisikiliza zaidi.

Chukua neno «zima». Tunazima taa, tunazima simu, tunazima injini, tunazima moto, tunazima mshumaa, tunazima jiko. Mhispania naye ana «apagar la luz», «apagar el teléfono», «apagar el motor», «apagar el fuego», «apagar la vela», «apagar la estufa». Kitenzi kimoja kwao, kimoja kwetu, na vinakwenda sambamba karibu njia nzima. Hata mipaka yao inafanana. Mfereji wa maji hatuuzimi, tunaufunga. Mhispania naye haambii mtu «apagar» mfereji, atasema «cerrar», yaani funga. Mwingereza ndiye asemaye «turn off the tap» kwa mfereji na «turn off the light» kwa taa. Stima ikikatika Nairobi tunasema imepotea. Kwa Kihispania watu husema «se fue la luz», mwanga umeenda zake. Kwa hiyo ukisoma sentensi ya Kihispania na Kiswahili kikakwambia «zima», umeielewa sawasawa. Hapo hujakosea lolote. Matatizo yanaanza unapovuka kuingia Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina «zima».

Sababu yake inafaa uielewe vizuri, kwa kuwa itakusaidia na vitenzi vingine vingi. Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, aliyaweka makundi ya lugha kulingana na mahali zinapobebea kiini cha tendo. Kihispania hukiweka ndani ya kitenzi chenyewe: «entrar», «salir», «subir», «bajar». Kiswahili kadhalika: ingia, toka, panda, shuka. Kiingereza hupenda kutumia kitenzi chepesi na kukipachika kijineno pembeni: «go in», «go out», «go up», «go down». Maana nzito iko kwenye hicho kijineno. Kisha, kwa vile kitenzi kimebaki na nafasi, Kiingereza hukijaza namna tendo lilivyofanyika. Ndiyo maana mshumaa hupulizwa ukazimika kwa «blow out», hubanwa utambi kwa vidole au kwa kifaa kwa «snuff out», sigara hukandamizwa kwenye kisahani kwa «stub out», moto wa nyasi hukanyagwa kwa «stamp out». Mhispania amesema «apagar» mara zote hizo na hajakwambia kama mtu alipuliza, alibana au alikanyaga. Unapaswa kulijua hilo wewe mwenyewe kutokana na kitu kinachozimwa.

Kwa hiyo, ukikutana na «apagar», jicho lako lisikae kwenye kitenzi. Liende kwenye kile kinachozimwa, ujiulize kina nini ndani yake: kina mwali wa moto, au kina swichi, au kina bomba lenye vali? Jibu la hapo linakupa Kiingereza chako.

Penye mwali halisi wa moto, neno la kila siku ni «put out». «Apagar el fuego», moto uliowaka jikoni, ni «put out the fire». «Extinguish» ni maana ileile ikiwa imevaa suti: utaikuta kwenye sheria, kwenye ripoti za zimamoto, kwenye mabango ya ndege. Haikosei penye moto, ila inakosea penye taa, kwa sababu Kiingereza cha leo hakizimi taa ya stima kwa neno hilo isipokuwa katika maandishi rasmi sana au ya zamani. Kamusi yako imelitanguliza, sawa. Kutangulizwa hakumaanishi ndilo linalotumika zaidi. Wengi wetu tumefundishwa kwamba maana ya kwanza katika kamusi ndiyo maana kuu na zinazofuata ni za ziada, na imani hiyo imeharibu tafsiri nyingi.

Penye swichi, ni «switch off» au «turn off». Penye vali ya gesi au ya maji, «switch off» halifai tena, kwa kuwa hakuna swichi. Tumia «turn off», au «shut off» ukitaka msomaji aelewe kwamba anakata kabisa kinachopita ndani ya bomba. Kompyuta ina «shut down», kwa sababu kuna hatua programu inazipitia kabla ya umeme kukatika. Na neno «apagado» lililoandikwa kwenye kibao cha mashine mkabala na «encendido» si kitenzi cha kukuhangaisha: ni OFF na ON, basi.

Sasa «put off» lako. Hapa nataka tuwe waadilifu. Nairobi nzima husema «put off the lights», na wengine hata husema «off the lights», na kila mtu huelewa na kunyosha mkono ukutani. Hicho ni Kiingereza chetu cha Kenya na sioni haja ya mtu kuaibishwa nacho nyumbani kwake. Lakini kijitabu chako kitasomwa na watu wasioishi hapa, na kwao «put off» ni kuahirisha, au kumkatisha mtu hamu. «Put off the oven before cleaning» kwao inasomeka kama uiahirishe oveni kabla ya kuisafisha. Watakisia ulichotaka, sawa, ila mwenye mashine hataki mfanyakazi wake akisie chochote mbele ya gesi. Andika «turn off the oven before cleaning».

Kijineno hicho kina kanuni ndogo ya mpangilio pia. Ukitumia nomino, unaweza kusema «turn off the oven» au «turn the oven off». Ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: «turn it off», «put it out». «Turn off it» haipo. Kihispania hukupotosha hapa kwa sababu «apágalo» hukibandika kiwakilishi mwishoni, na mkono unaandika kabla ya kichwa kufikiri.

Tuje kwenye king'ora, maana mteja wako ana haki kabisa, na sehemu hii ningependa uisome polepole.

Kiswahili kina zima na kina zimika. Unazima mshumaa, mshumaa unazimika wenyewe. Kihispania hufanya hivyo kwa «se»: «apagar» ni kuzima, «apagarse» ni kuzimika. Kiingereza, kama kawaida yake, hakina kiambishi wala «se», kina kijineno: mshumaa ukizimika «it goes out», taa ya kiashirio ikizimika «it goes off». Wewe ulifuata njia hiyohiyo ukafika kwenye «the alarm goes off», na kimantiki ulikuwa sahihi. Bahati mbaya ni kwamba kwa Kiingereza king'ora kina desturi yake. «The alarm went off» maana yake kimeanza kulia. Bomu likilipuka, bunduki ikifyatuka, saa ya kuamsha ikilia, vyote «go off». Kihispania kilisema: king'ora kikinyamaza, fungua mlango. Kiingereza chako kikasema: king'ora kikilia, fungua mlango. Mpishi wa oveni ya gesi akifuata hayo, anafungua mlango wakati uleule mashine inapomwonya asifungue.

Andika «When the alarm stops, open the door». Ukitaka kuonyesha kwamba kinanyamaza chenyewe, sema «once the alarm has stopped sounding». Na ukikuta «apague la alarma», yaani mtu anakizima kwa kitufe, hapo «turn off the alarm» ni salama, kwani «turn off» haina maana ya kulia. Hatari iko kwenye «go off» peke yake.

Kijitabu cha oveni ya gesi kina mtego wa pili unaofanana na huo, na kama hujafika kwenye ukurasa wake utafika. Neno «piloto». Laweza kuwa kimwali kidogo kinachowaka daima ili kuwasha vichomeo vikubwa, na laweza kuwa kitaa cha kiashirio kwenye kibao. «Si se apaga el piloto»: kama ni kimwali, andika «if the pilot light goes out», na usikubali chochote kingine, kwa sababu kimwali kilichozimika huenda kikaacha gesi inavuja bila kuungua, na sentensi inayofuata bila shaka itamwambia mtu afunge gesi, afungue madirisha na angoje kabla ya kuwasha tena. Kama ni kitaa, ni «if the indicator light goes off», na pengine maana yake ni kwamba joto limefika tu. Sentensi mbili za Kihispania zinaweza kufanana neno kwa neno, na moja ikawa habari ya kawaida, nyingine tahadhari ya uhai. Mchoro wa mashine ndio utakaokuamulia. Kama hukupewa mchoro, uombe. Mteja makini hatakasirika.

Kuna «fuego» pia. «Apague el fuego y deje reposar» kwenye maelekezo ya mapishi haimaanishi kuna moto uliozuka. Ni «turn off the heat and let it rest». Ukiandika «put out the fire» hapo, msomaji atatafuta blanketi. Na kwa kuwa maandishi yako yanatoka Mexico, «estufa» ni jiko la kupikia; yangetoka Uhispania, «estufa» ingekuwa kifaa cha kupashia chumba joto. Jua maandishi yametoka wapi kabla hujachagua nomino, maana ukikosea nomino, hata kitenzi sahihi hakitakufaa.

Nje ya oveni, «apagar» lina maisha mengine ambayo nitayapitia haraka ili yasikushtue. «Apagar la sed» ni kukata kiu: «quench your thirst». Rangi «apagada» ni iliyofifia au iliyotulizwa: «muted», au «dull» ikiwa mwandishi anailaumu. Sauti «apagada» ni «muffled», kana kwamba mtu anaongea nyuma ya mlango. Mtu «apagado» ni aliyepoa, hana uchangamfu wake: «subdued» ikiwa ni leo tu, «dull» ikiwa ndivyo alivyo. Gari «se apagó» barabarani: «the engine cut out» au «the engine died», na «stalled» ikiwa dereva aliachia klachi vibaya. Stima ikipotea mji mzima ni «apagón». Uhispania na Ureno zilipokosa umeme tarehe 28 Aprili 2025, magazeti ya Kihispania yalisema «el apagón» na ya Kiingereza yakasema «blackout». Kwa kukatika kwa kawaida, Mwingereza husema «power cut» na Mmarekani «power outage».

Chokaa nitaitaja kwa sababu naipenda. Ukichoma mawe ya chokaa, au matumbawe kama walivyofanya wajenzi wa Pwani yetu kwa karne nyingi, unapata kitu kikali ambacho ukikimwagia maji huchemka na kutoa mvuke hadi kitulie. Mhispania huita kitendo hicho «apagar la cal», na chokaa iliyotulia ni «cal apagada». Kwa Kiingereza ni «slake» na «slaked lime», na hakuna neno jingine litakaloingia hapo. Mfano huu unaonyesha mzizi wa «apagar» pia: linatokana na Kilatini «pacare», kutuliza, kuleta amani, na ndugu yake ni «pagar», kulipa, kwa maana mdai akilipwa hutulia. Moto, kiu na chokaa, vyote vinatulizwa. Ukishika wazo hilo, matumizi ambayo kamusi imeyatawanya kwenye mistari kumi yanakuwa familia moja.

Ila ukipata kazi ya Kireno, labda kutoka Msumbiji, kaa chonjo: kwao «apagar» ni kuzima na pia ni kufuta. «Apagar o ficheiro» ni «delete the file».

Je, kuna neno moja la kutumia kila mahali? Kwa kijitabu cha mashine, «turn off» litakubeba sehemu kubwa ya njia: linafaa kwa oveni, taa, injini, gesi, maji na king'ora kinachozimwa kwa kitufe. Mtu akiniambia nichague moja nife nalo, ningechagua hilo. Halifai penye mwali unaoonekana, halifai kwa «apagarse» nyingi, na halifai penye maneno ya kudumu ya zimamoto. Kwenye karatasi za usalama wa kemikali, kwa mfano, zenye sehemu 16, sehemu ya 5 huitwa «Fire-fighting measures» kwa Kiingereza na «Medidas de lucha contra incendios» kwa Kihispania, na ndani yake «medios de extinción» ni «extinguishing media». Hapo «extinguish» ndiyo lugha ya kazi na usiibadilishe hata ikionekana nzito. Lakini uisome kwa makini: «no apagar con agua» ni «do not use water to extinguish», na «no» hiyo ndogo ikiteleza mtu atamwaga maji kwenye mafuta yanayowaka.

Programu za kutafsiri za siku hizi hazifanyi vibaya kwenye sentensi nzima. Sitakudanganya kwamba hazina maana, na mimi huzitumia kupata rasimu. Zinajikwaa mahali sentensi haipo. Kijisanduku kwenye jedwali chenye neno «Apagado» peke yake kinaweza kuwa OFF, au hatua ya kuzima mtambo, au rangi iliyofifia ya rangi za mlango wa oveni. Programu itachagua mojawapo kwa ujasiri uleule. Wewe unaweza kupiga simu ukauliza. Kwa hiyo kabla hujarudia kazi, tafuta kila mahali «apagar» lilipo, liandike pamoja na kitu kinachozimwa, weka Kiingereza chake mkabala, kisha mpelekee mteja orodha hiyo ndogo aikubali. Utaona mafungu ni machache kuliko ulivyodhani, na kazi itakwenda kwa neno moja kwa kifaa kimoja mwanzo hadi mwisho. Fundi hapendi kuona «turn off» ukurasa wa tatu na «shut off» ukurasa wa tisa kwa vali ileile; atafikiri ni vitu viwili.

Mambo ya gesi, umeme mkubwa, dawa na kuzima moto usiyamalize peke yako, hata ukiwa na uhakika. Tafuta fundi wa oveni, Industrial Area hawakosekani, umsomee hatua za kuwasha na kuzima kwa Kiswahili ukiwa naye mbele ya mashine inayofanana. Akikwambia «hapana, hapo ukifungua utaungua», umepata kosa ambalo kamusi isingekuonyesha. Kwa upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kituo kinachofundisha tafsiri na ukalimani, na kwa kuwa Kihispania ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa, wenye moja ya ofisi zake kuu Gigiri, mji huu una watu wanaoishi kwa lugha hii. Mtafute mmoja akusomee kurasa chache kwa malipo ya haki.

Kazi usiikatae. Mjibu mteja leo, mshukuru kwa alama ya king'ora hasa, mwambie umeelewa kwamba «goes off» iligeuza maana, na muombe mchoro wa kibao na wa vichomeo ili uamue ni «piloto» ipi iko ukurasa gani. Mwombe siku mbili tatu za kurekebisha bila malipo ya ziada.